Mkono na Ulimi wa Mzazi: Nyumba na Shule katika Nchi ya Keza

Kila mahali ilipojengwa shule, swali moja lilijengwa pamoja na kuta zake: mtoto ni wa nani? Mzazi husema ni wake, kwa kuwa alimzaa na kumlisha. Mwalimu husema ni wake, kwa kuwa humfumbua macho. Serikali husema ni wake, kwa kuwa ndiyo itakayomtumainia kesho. Watatu hao wakipatana, mtoto hunufaika mara tatu. Wakizozana, huwa kama kamba inayovutwa huku na huku mpaka ikakatika. Insha hii yaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na mara nyingi lilivyokwepwa, katika nchi ya Keza na majirani zake, na katika Tanzania nzima ambayo Keza ni sehemu yake.

Keza ni kata katika wilaya ya Ngara, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Imo katika Bushubi, nchi ya vilima, migomba na malisho inayopakana na Burundi. Jirani zake ni Wahangaza wa Bugufi, na upande wa mashariki iko wilaya ya Biharamulo, ambako Wasubi, Wazinza na Wasumbwa wamekaa tangu zamani. Kishubi na Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili kilikuja baadaye, kikashika mambo ya boma, ya soko na ya darasa. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera.

Nchi hii ilikuwa na desturi moja juu ya wageni ambayo yafaa kukumbukwa. Mwaka 1861 Speke na Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chimbuko la Mto Nile, walipita Usui, yaani Rusubi, katika nchi ya Biharamulo ya leo. Mtawala wake, Suwarora, hakuwaachia njia mpaka walipotoa hongo ya nguo, shanga na waya. Wasafiri walinung'unika sana, wakaiona hongo ile kuwa unyang'anyi mtupu. Hapana shaka palikuwa na tamaa ndani yake. Walakini palikuwa na jambo jingine pia. Hongo ilikuwa ungamo la mgeni kwamba nchi ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana haki ya kuulizwa kabla ya mlango wake kufunguliwa. Miongo michache baadaye mgeni mwingine alibisha hodi katika nchi hiyo hiyo, naye ni shule. Huyo hakulipa hongo. Aliingia, akaketi, akataka watoto.

Isidhaniwe kuwa kabla ya kuja kwake watoto walikaa bila mafunzo. Mvulana alijifunza ng'ombe kwa kuchunga ng'ombe, na miti kwa kuikata na kuichonga. Binti alijifunza majira kwa jembe na maharage, na uuguzi kwa kumtunza mdogo wake. Jioni, karibu na moto, wazee walitoa hadithi na vitendawili, na mtoto aliyejibu vibaya alichekwa mpaka akajibu vizuri. Mwalimu alikuwa mzazi, na mzazi alikuwa jirani wa wazazi wengine. Aliyemwona mtoto wa mwenzake akikosa alimrudi bila kungoja ruhusa. Elimu hiyo haikuwa kamilifu. Haikuwa na maandishi, haikuwa na dawa ya maradhi mengi, na ilimwekea binti mipaka ambayo hakuichagua. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo shule haijaipata tena kwa urahisi: hapakuwa na ukuta kati ya mahali pa kufundishwa na mahali pa kuishi.

Ukuta huo ulijengwa kwa nia njema. Wajerumani waliweka boma lao Biharamulo. Mapadri Weupe waliokuwa wamefika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892 walieneza kazi yao kusini na magharibi polepole, hata mwaka 1960 likaundwa Jimbo la Rulenge katika nchi ya Ngara yenyewe. Waanglikana wa CMS kutoka Australia nao walijenga chuo cha ualimu Katoke. Kutoka katika vituo kama hivyo walitoka walimu wa dini, aghalabu vijana wenye kitabu kimoja na ubao mmoja, wakafungua shule chini ya miti na katika vibanda vya nyasi. Wazazi walitakiwa kukata miti, kuezeka na kumpa mwalimu chakula. Walipouliza mtoto atasoma nini, kwa muda gani, na nani atachunga mbuzi wakati huo, jibu lilikuwa kwamba mambo hayo yalikwisha kuamuliwa. Mkono wa mzazi uliitwa. Ulimi wake haukuitwa.

Basi wazazi wengi walijibu kwa njia iliyowabakia. Walimficha mtoto mwerevu wakampeleka mzembe; au walimpeleka mtoto wakati wa kiangazi, wakamwondoa wakati wa kupanda. Waandishi wa taarifa za wakati ule waliyaita mambo hayo ujinga. Yafaa kuyaita kwa jina jingine. Yalikuwa maneno ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kusema kwa kinywa, wakasema kwa miguu.

Serikali ya Kiingereza iliutambua ufa huo mapema. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 ikatolewa huko London taarifa ya siasa ya elimu iliyosema kwamba mafunzo yapatane na maisha na mila za wenyeji. Jaribio kubwa la fikira hiyo katika Tanganyika lilifanywa mbali na Keza, huko Malangali katika nchi ya Iringa, ambako W. B. Mumford alifungua shule mwaka 1928. Wazee walikaribishwa kuwafundisha vijana desturi. Ngoma na mikuki viliingia katika ratiba. Wanafunzi walivaa mavazi yaliyofanana na ya kienyeji. Kwa mara ya kwanza mzee asiyejua kusoma aliingia shuleni akiwa na kitu cha kufundisha. Walakini si wenyeji wote waliofurahi. Walikuwapo walioshuku kwamba mwana wao anapewa ngoma, ambayo angeweza kuipata nyumbani bure, badala ya Kiingereza na hesabu, ambavyo ndivyo vilivyomfanya amtume shule. Fundisho la Malangali ni hili: haitoshi kumkaribisha mzazi shuleni ikiwa mwenye shule ndiye anayemchagulia la kusema.

Mahali wazazi walipojichagulia la kusema, mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya, ugomvi na wamisionari uliowaka mwaka 1929 juu ya tohara ya wanawake uliwatoa wazazi wengi katika shule za misheni, wakajenga shule zao wenyewe, wakaajiri walimu wao wenyewe, na mwaka 1939 wakawa na chuo chao cha ualimu Githunguri. Serikali ilikifunga mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari. Mtu aweza kubishana juu ya chanzo cha ugomvi ule, na wengi leo watasema wamisionari hawakukosa kuhusu tohara. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba watu walioitwa wavivu wa elimu walitoa fedha zao na jasho lao kwa miaka zaidi ya 20, kwa sababu shule ilikuwa yao.

Tanganyika ilikuwa na njia yake. Baada ya vita vya pili vya dunia mtoto wa kijijini alisoma miaka minne, kisha mtihani wa darasa la nne ukawachuja wengi. Wachache tu walikwenda shule ya kati, nyingi zikiwa za bweni, mbali na kwao. Mzazi aliyemtoa mtoto kwenda bweni alimpokea likizo akiwa na viatu, na maneno mapya, na haya ya kula kwa mkono. Mzazi ambaye mtoto wake alikosa nafasi hakuwa na mahali pa kulalamika. Ndipo mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa TANU, ilipoanzishwa TAPA, Chama cha Wazazi wa Tanganyika. Chama hicho kilifungua shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za Serikali na za misheni. Majengo yake mengi yalikuwa duni, na walimu wake wengi hawakuwa na cheti. Walakini jina lake lilikuwa jambo jipya: wazazi walijiita wazazi, si wakristo wala waislamu, si watu wa kabila hili wala lile, wakadai neno katika elimu kwa sababu ya uzazi wao peke yake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, wanafunzi wa shule za msingi nchini kote hawakufika 500,000. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo kiini chake kilikuwa kwamba shule isiwe kisiwa, bali iwe sehemu ya kijiji, yenye shamba na kazi kama kijiji. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, na shule za TAPA nazo ziliingizwa polepole katika mpango wa taifa. Faida ilikuwa kubwa, kwa kuwa mtoto hakuulizwa tena dini yake mlangoni. Lakini palikuwa na hasara isiyosemwa mara nyingi: shule iliyokuwa ya wazazi ikawa shule ya wote, na kitu cha wote mara nyingine huwa hakina mlinzi.

Jambo lililoponya hasara hiyo kwa kiasi fulani halikuwa la watoto hata kidogo. Lilikuwa kisomo cha watu wazima. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulikuwa mmojawapo wa mikoa minne ya kanda ya ziwa iliyohusika katika mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, kati ya 1968 na 1972. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma nchini walikuwa kama theluthi moja. Mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa tisa kati ya kumi. Hesabu hizo zaweza kupunguzwa na mwenye shaka, lakini picha yenyewe haiwezi kufutwa: alasiri, watoto walipokwisha kwenda kwao, mama zao waliketi katika madawati yale yale, wakaandika kwa chaki ile ile, mbele ya mwalimu yule yule. Mzazi aliyekwisha kuketi darasani hakuliogopa tena darasa. Aliweza kufungua daftari la mwanawe na kuona kama limeandikwa au ni tupu. Katika historia yote ya nyumba na shule nchini, yamkini hakuna daraja lililojengwa imara kuliko hilo, na halikujengwa kwa tofali.

Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamuru kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Wanafunzi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, wakakaribia milioni 3 mwaka 1978. Mkono wa mzazi uliitwa tena, na safari hii uliitwa kuliko wakati wowote: kufyatua matofali, kusomba maji, kuinua kuta, kujenga nyumba za walimu. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Kisha ikaja Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978. Sheria hiyo iliweka kamati ya shule, na hiyo ilikuwa nafasi ya ulimi. Lakini pia ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka 7 hata 13 na kuhakikisha anahudhuria, la sivyo ashitakiwe. Katika vijiji vingi mzazi aliifahamu adhabu kabla ya kuifahamu kamati. Mwito wa kwanza kutoka shuleni ukawa barua ya utoro.

Fedha za nchi zilipodhoofika, katikati ya miaka ya 1980, ada zilirudi. Jumuiya ya Wazazi, mrithi wa TAPA ndani ya Chama cha Mapinduzi, ilifungua shule za sekondari nyingi, kwa kuwa nafasi za Serikali zilikuwa chache mno. Mzazi akawa mlipaji. Na mlipaji, tofauti na mwenye shule, huuliza jambo moja tu: bei.

Wakati hali ilipokuwa hivyo, Ngara ilipatwa na jambo ambalo hapana kitabu cha mipango kilicholitarajia. Mwisho wa mwezi wa Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakikimbia vita na mauaji. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Zikafuata nyingine, na Keza yenyewe ikawa na kambi yake. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo walimu wengi, na watoto maelfu kwa maelfu. Chini ya turubai madarasa yakaanza. UNESCO ilileta masanduku ya vifaa vya mwalimu, yaliyotumiwa kwanza Somalia: chaki, vibao, daftari na penseli za kuwatosha watoto 80 kwa zamu mbili. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walibaki katika kambi ya Lukole hata ilipofungwa mwaka 2008.

Kambi zile zilikuwa mahali pa huzuni, na hapana haja ya kuzipamba. Misitu ya Ngara ilikatwa kuni, maji yalikuwa haba, na wenyeji walitaabika pamoja na wageni. Lakini zilionyesha jambo moja waziwazi kuliko shule za amani. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe, asiye na tofali wala shilingi ya kuchanga, alimshika mtoto mkono akampeleka chini ya turubai. Kumbe kiini cha ushirika wa nyumba na shule si mchango. Ni imani: mzazi kuamini kwamba kinachofanywa pale ni kwa ajili ya mwanawe, na kwamba anayekifanya anamjua.

Mwaka 2001 ada za shule za msingi zilifutwa tena, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioitwa MMEM. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hata milioni 7.5 mwaka 2005. Fedha za ruzuku zilipelekwa shuleni, na kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, ikawa na akaunti benki na wajibu wa kupanga matumizi. Hapo ulimi ulipata uzito, kwa kuwa neno lisilo na fungu la fedha ni upepo. Mahali mwenyekiti alipojua kusoma hesabu na mwalimu mkuu hakuona haya kuzibandika ukutani, shule ilistawi. Mahali sahihi ya mwenyekiti ilipoombwa njiani, juu ya karatasi tupu, kamati ilikuwa jina tu.

Mwaka 2016 elimu bila ada ilienea hata kidato cha nne, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuwatoza wazazi michango. Maskini wengi walishukuru, na kwa haki, maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi chache. Lakini ikaonekana ajabu moja. Katika vijiji vingi, mchango ulipokoma, na mkutano ukakoma. Wazazi walisema: shule sasa ni ya Serikali. Miaka mingi ya kuitwa kwa ajili ya mkono tu ilikuwa imewafundisha kwamba, mkono usipohitajiwa, hawana la kufanya pale. Hilo si kosa la amri ile. Ni deni la zamani lililokuja kudaiwa siku hiyo.

Hata hivyo, ulimi wa mzazi nao una hatari zake, na mwenye kuutetea hana budi kuzitaja. Wako wazazi waliomtoa binti shuleni wakamwoza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa kupata mimba warudi shuleni. Katika mambo hayo sheria ilisimama kati ya mtoto na mamlaka ya nyumba, na ilistahili kusimama. Ushirika wa kweli basi si mzazi kumtawala mwalimu, wala mwalimu kumtawala mzazi. Ni wote wawili kumtumikia wa tatu, ambaye bado hana sauti ya kutosha kujisemea.

Na ukuta mmoja wa zamani bado umesimama, nao ni lugha. Mtoto wa Keza aliyelelewa kwa Kishubi hukikuta Kiswahili darasani; akienda sekondari hukikuta Kiingereza. Kila hatua humpeleka mbali na ulimi wa bibi yake. Kiswahili kimekuwa daraja kubwa, na kisomo kiliwavusha wengi. Lakini kidato cha kwanza kikifika, mama aliyeweza kulisoma daftari la mwanawe hulifunga tena. Wanafunzi na wanavyuoni wanaoipima lugha kwa sarufi na ushairi wangefaa kuipima kwa kipimo hiki pia: je, yamruhusu mzazi kuingia?

Historia hii ya miaka mia na zaidi yaonyesha kwamba wazazi wa nchi hii hawakuinyima shule nguvu zao. Waliinua kuta zake mara tatu na nne, kila zamani iliyokuja na mpango mpya. Kilichopungua ni kile ambacho mtawala wa Usui alikidai kwa mgeni wake. Shule yaweza kuilipa hongo hiyo hata leo bila fedha: kuitisha mkutano saa ambayo mkulima amekwisha kutoka shambani, kusoma hesabu kwa sauti, mbele ya asiyejua kusoma, kumtembelea mzazi kabla ya kumwandikia barua ya utoro, na kumuuliza, kisha kungoja jibu lake, hata likiwa refu na la Kishubi. Mgeni alipaye hongo hiyo hafungiwi njia. Huonyeshwa kisima kilipo, hupewa mahali pa kuketi, na baada ya siku nyingi husahauliwa kwamba aliwahi kuwa mgeni.